Nyimbo Zilizosafishwa

Kijiwe cha Giaboksi kiko Gerezani, nyuma ya maduka ya spea, mahali ambapo basi la mwendokasi likipita linakutikisia kahawa kabla hujaifikisha mdomoni. Kinaitwa hivyo kwa sababu benchi lake ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya giaboksi mbili za lori zilizokufa siku nyingi, na mpaka leo zinavuja oili ukizikalia vibaya. Shaibu anauza hapo kahawa chungu na kashata za karanga, kila kashata kaifunga kwa kipande cha karatasi ya daftari kuukuu ili mikono yenye grisi isiguse sukari. Wa kudumu ni walewale. Kuna Bakili, muuza springi na shokapu, wanamwita Springi. Kuna Awadhi wa viatu vya mitumba kule Mchikichini, wanamwita Waziri kwa kuwa tangu azaliwe hajawahi kutamka neno "sijui". Kuna mzee Abdulmajid, mshona kanzu, wanamwita Ustadhi. Na kuna Elibariki, Mchaga wa miaka thelathini na moja, anayetunga programu za kompyuta kwenye chumba cha juu ya duka la beringi. Huyo wanamwita Safisha, jina alilokuwa akilifurahia mpaka Alhamisi hiyo, saa kumi alasiri.

— Oya, mmesikia ya Mzee Ravi? — Springi alianza hata kabla hajakaa. — Nyimbo za marehemu mkewe zimeliwa.

— Zimeliwa na nini, panya? — akauliza Waziri.

— Panya wa wapi wewe? Zilikuwa kwenye kompyuta!

— Basi panya wa kwenye kompyuta. Wapo.

— Subiri kwanza, — Ustadhi alisema akishusha kikombe. — Mzee Ravi yupi? Ravindra wa vifungo?

— Huyohuyo.

Hapo hata Ustadhi alikaa sawa. Miaka thelathini alikuwa akinunua vifungo vya kanzu kwenye duka la Ravindra kule Kariakoo, na aliyekuwa akimhudumia ni Bibi Rekha, mama mwembamba mwenye miwani ya kamba, ambaye alikuwa akiukadiria urefu wa zipu kwa jicho na hakosei. Alifariki mwaka jana. Kijiwe kizima kilikwenda kumsindikiza, wakasimama nyuma kabisa wameshika kofia zao, hawajui wafanye nini na mikono.

— Haya sikilizeni vizuri, — Springi aliendelea. — Jumamosi hii Krina anaolewa, yule mjukuu wao. Sasa bibi yake alimuahidi toka mdogo kwamba siku yake zitaimbwa nyimbo za kina mama wa ukoo wao. Siyo za kanda, siyo za mtandaoni. Zimetungwa hapahapa Bongo na mama zao, na bibi zao, jikoni huko. Hazipo kwingine kokote. Bibi Rekha aliziandika zote kwenye kompyuta ya dukani. Miaka sita! Mteja akitoka, anaandika. Mteja akiingia, anaacha.

— Nilikuwa namwona, — Ustadhi alisema. — Anaandika huku anaimba kwa pua.

— Ndiyo hizo. Krina kapeleka kuchapisha vijitabu bila hata kuzifungua, vina picha ya bibi mbele, wageni waimbe wote. Vimetoka leo asubuhi. Mzee kafungua wimbo wa kwanza, wimbo anaoujua toka yuko kwenye nepi. Kaanza kusoma kwa sauti. Unajua kimetoka nini?

— Nini?

— A, a, a, a. Basi. Kama mtoto wa chekechea. Kageuza ukurasa, a, a, a. Kakifunga. Katoka, kaenda kukaa kwenye ngazi, mpaka naondoka pale alikuwa bado kakaa.

Elibariki alikuwa na kashata mdomoni. Aliacha kutafuna. Wenzake walikuwa ndiyo kwanza wanajisogeza kuanza ubishi, yeye alikuwa ameshafika mwisho wake, na alifika peke yake.

Alijua. Miaka mitatu nyuma, maduka ya Gerezani yalikuwa na kero moja kubwa. Spea zilikuwa zikija na orodha zao kutoka China, Uturuki na kwingineko. Tarakimu kwenye orodha za Wachina ni kama zetu, ila zimenenepa kidogo, na kompyuta haielewi habari za unene, inaona ni kitu kingine kabisa. Muuzaji anaandika namba ya beringi, kompyuta inamjibu haipo, na beringi imekaa kwenye rafu mgongoni kwake. Majina ya Kituruki yana mikia, ya Kifaransa yana kofia, kila mtu na pambo lake. Watunga programu hawaandiki kila kitu kwa mkono wao. Wanachukua kazi ambayo wenzao wameshaitunga na kuiweka mtandaoni bure, wanaiita maktaba. Elibariki alipata maktaba ambayo kazi yake ni hiyo tu, kuzikusanya herufi za dunia nzima na kuzifanya zifanane. Tarakimu nene zikakonda, mikia ikakatika, kofia zikavuliwa. Kazi yote aliipa jina la "safisha", na ndani ya wiki Gerezani nzima ilikuwa inapata spea yoyote kwa nusu dakika. Springi alimnunulia kahawa mwezi mzima.

Halafu Bibi Rekha akafariki, na Mzee Ravindra akamwita. "Nataka nikiutaka wimbo wake niupate," alisema, "kama hawa wanavyopata beringi." Elibariki hakumaliza hata saa moja. Aliielekeza programu ileile kwenye nyimbo za marehemu, akaiambia isafishe, ikasafisha mia mbili na kumi na nne.

— Mimi nawaambia ni yule dada wa kaunta, — Springi alikuwa anasema. — Rachel, wa pale duka la kuchapisha. Kabonyeza kitu. Wanabonyeza hovyo wale, macho yote kwenye simu.

— Kwani wamemuuliza? — akauliza Ustadhi.

— Wamuulize nini? Bosi wake kamrudisha nyumbani. Kamwambia asije mpaka amwite.

— Labda siyo yeye, — Elibariki alisema.

Sauti ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. Springi alimgeukia.

— Siyo yeye, nani sasa? Wewe ndiyo mtaalamu, tuambie.

Ilikuwa nafasi nzuri kabisa. Mtu mwingine angeikamata. Elibariki alipuliza kahawa ambayo ilikuwa imeshapoa.

— Nasema labda tu.

— Labda! — Springi alicheka. — Safisha bwana. Kwa spea mkali, kwa mambo ya watu anasema labda.

Waziri alikuwa amengoja zamu yake kwa adabu, na adabu ikamwishia.

— Nyie mnazunguka mbuyu. Mimi nawapa ukweli. Kompyuta zote mnazoziona hapa mjini ni mitumba.

— Zingine mpya, — Shaibu alisema huku akiosha vikombe.

— Mpya kwa macho! Ndani ni mtumba. Mimi nauza viatu mwaka wa kumi na saba, mtumba naujua hata ukivalishwa boksi. Kiatu kilichovaliwa na Mzungu kina kumbukumbu ya mguu wa Mzungu. Ukikivaa wewe kinakubana hapa kwenye kidole. Na kompyuta hivyohivyo. Imezoea Kizungu. Ukiilisha Kihindi inatafuna nyama inakuachia mifupa.

— Kigujarati, — Ustadhi alisahihisha.

— Hicho nacho. Asilimia themanini na nne ya kompyuta zina tabia hiyo. Imepimwa.

— Imepimwa na nani?

— Imepimwa, Ustadhi. Usipende kubishana na vipimo.

Springi alimaliza kashata yake, akafuta vidole kwa ile karatasi, akaifinya ikawa kidonge, akaitupa mtaroni. Kila siku anafanya hivyo. Mtaro uko hatua mbili kutoka kwenye benchi, maji yake ni meusi kwa oili za gereji, na kila kinachotoka kijiweni kinaishia humo.

— Mimi kuna kitu sielewi, — Ustadhi alisema taratibu. — Zimetoka zile alama ndogondogo, au siyo? Za juu na chini. Basi mbona hata sisi zetu zinatoka? Kiarabu cha magazeti hakina irabu, na watu wanasoma fresh tu. Mtu aliyesoma hahitaji kuwekewa alama kama mtoto wa madrasa. Labda hao vijana wao ndio hawakusoma.

— Umeona! — Waziri alidakia. — Uvivu!

Elibariki alitaka kusema hapana. Alitaka kusema kwamba kwa Kigujarati alama siyo msaada wa mwanafunzi. Herufi yao peke yake inabeba a, na kile kidude kinachokaa juu yake, chini au pembeni, ndicho kinachoigeuza iwe i, au u, au o. Ukikibandua, ki inakuwa ka, ko inakuwa ka, ku inakuwa ka. Bibi anasomeka baba. Kila kitu kinabaki mdomo wazi, a, a, a, na hakuna msomi wa kukurudishia kilichokuwepo. Hayo yote hakuyajua siku ile. Aliyajua sasa hivi, kijiweni, kwa kuwa alikumbuka kitu alichokipita haraka. Kwenye maelezo ya ile maktaba, chini kidogo, palikuwa na mistari miwili inayosema amri hii isitumike kwa maandishi ya India, kwa sababu alama zake siyo pambo. Aliiona. Alikuwa anatafuta tarakimu nene, akateremsha ukurasa.

Na siku ile Mzee Ravindra alikuwa amekaa pembeni yake, anafuta miwani. Kumgeukia tu na kumwambia, mzee hebu soma hapa, kulikuwa kunataka nini? Lakini fundi mzuri hamuulizi mteja. Ndivyo Gerezani yote inavyofanya kazi. Ukimuuliza mteja, ameshajua kwamba hujui. Elibariki alitafuta nyimbo tatu kwa majina yake, ambayo Bibi Rekha aliyaandika kwa herufi za kwetu, zikaja mara moja, Mzee akampiga begani, kazi ikaisha. Kuhusu ndani, Mzee alisema hana nguvu ya kuzifungua bado. Jioni ileile kompyuta ilijinakili yenyewe kwenye flashi ya akiba, kama Elibariki alivyoipanga kwa majivuno, na akiba nayo ikawa safi.

— Mnakosea wote, — Springi alisema. — Hapa kuna mchongo. Mimi nasikia kuna kampuni huko nje inanunua sauti.

— Sauti inanunuliwaje?

— Si hizi akili bandia? Zinafundishwa kuimba. Zinataka sauti ambazo hazipo kwingine. Sasa wameingia mle, wamenyonya sauti, wamewaachia herufi. Mwakani utaona, harusi inaimbiwa na spika, mama zetu wamekaa tu wanakula pilau.

— Hilo lipo, — Waziri alisema kwa sauti ya kutoa siri. — Na wanalipitisha Magogoni, kwenye kivuko. Sauti za Kigamboni zote zimeshakwisha.

Walicheka. Hata Shaibu alicheka kidogo. Ni kicheko cha kila siku cha pale, hakina ubaya, na Elibariki alitamani kimkabe mtu. Mzee wa watu amekaa kwenye ngazi. Msichana wa kaunta yuko nyumbani kwao anamweleza mama yake kitu asichokijua. Na yeye hapa anaongezewa kahawa.

Ustadhi peke yake hakucheka.

— Mimi nitawaambia, na msinicheke, — alisema. — Yule mama alikuwa anaandika huku anaimba. Nilimwona kwa macho yangu. Kile alichokiweka mle ni pumzi yake. Labda amekuja kuichukua. Herufi ametuachia, sauti kaondoka nayo.

— Duh, — Springi alisema.

— Huenda kuna mtu wa nyumbani kamuudhi.

— Ustadhi, acha! — Elibariki alisema, na safari hii sauti ilitoka kubwa mno.

Wote walimtazama. Pengine angesema hapo. Yeye mwenyewe baadaye alipenda kuamini kwamba angesema. Lakini Springi aligonga ubao kwa ufunguo wa gari, akanong'ona, "huyo, huyo anakuja", na wakageuza vichwa.

Krina alikuwa anavuka upande wao, peke yake, haraka, katikati ya mikokoteni. Alikuwa amevaa gauni la kawaida la kushindia, lakini mikono ilikuwa tayari ya bi harusi. Hina ilikuwa imepanda kutoka kwenye vidole mpaka karibu na viwiko, maua madogomadogo yasiyohesabika, na alikishika kile kijitabu kwa ncha za vidole.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti, — wazee walijibu pamoja, na Springi naye akaingia humo humo ingawa hajafika umri.

— Kaka Eli, nimekupigia mara sita.

— Simu ilikuwa... — Uongo ulimwishia njiani. — Nimeziona.

— Naomba unijibu moja tu. Zile alama zinaweza kurudi?

— Hapana.

— Hata kidogo?

— Haziwezi, Krina. Hakuna pa kuzirudisha kutoka. Na akiba ni hivyohivyo.

— Wewe unajuaje? — Springi aliingilia. — Hujaiona hata hiyo kompyuta, unamkatisha tamaa mtoto wa watu. Yule Rachel...

— Ni mimi, — Elibariki alisema. — Rachel hajabonyeza chochote. Nilizipitishia programu ileile ya spea. Ni mimi, Springi.

Mwendokasi lilipita, vikombe vikalia kwenye sahani ya bati. Mtikisiko ukaisha. Elibariki alingoja watukane, na kwa kweli alikuwa anayahitaji hayo matusi. Kijiwe kikafanya kitu kibaya zaidi. Kikamtetea.

— Ah, sasa hiyo si bahati mbaya? — Springi alisema. — Kazi ni kazi. Hata mimi nimewahi kumfungia mtu shokapu ya kushoto kulia.

— Na kusema ukweli, — Waziri akaongeza, — vidude vyenyewe vilikuwa vidogo sana.

— Rachel je? — Ustadhi aliuliza.

Krina hakulia. Alifunga macho kidogo, akayafungua, na Elibariki aliona kwamba hakuja kumlaumu. Alikuja na mpango.

— Sawa, — alisema. — Basi madaftari. Bibi aliandika kwanza kwenye madaftari kabla ya kompyuta, yale ya kijani. Babu anasema wewe ndiye uliyeyachukua. Nipe hayo. Tuna leo na kesho. Shangazi Shivani na mama watapiga chapa usiku na mchana, mimi nitawasomea. Hata tukipata nyimbo kumi. Hata tukipata ule mmoja tu.

— Sikuyachukua, — Elibariki alisema.

— Babu anasema uliyabeba.

— Niliyabeba. Sikuyachukua.

Akasema yote, kwa kuwa sasa hapakuwa na pa kujificha. Kwamba Mzee alipokuwa anahama kutoka ghorofa ya nne kwenda kwenye kile chumba kidogo cha nyuma ya duka, alisimama na maboksi mawili mlangoni. Kwamba alimuuliza, "Eli, na haya?" Kwamba yeye alimjibu, "Haya hayana kazi tena, Mzee. Yote yamo humu," akaigonga kompyuta kwa vidole. Kwamba Mzee alifungua boksi moja, akashika daftari la juu, akalirudisha. Na kwa kuwa lifti ilikuwa mbovu na mzee anaumwa magoti, Elibariki aliyateremsha maboksi mwenyewe, ghorofa nne, akayakabidhi kwa jamaa mmoja wa mkokoteni anayepita na mizani akinunua karatasi kwa kilo. Alijiona mtu mwema sana siku hiyo.

— Jamaa gani? — Krina aliuliza. — Anakaa wapi?

— Simjui jina.

— Anauzia nani karatasi?

Na hapo ndipo walipogundua kwamba Shaibu ameacha kuosha vikombe. Alikuwa amesimama na maji yanamtiririka mpaka kwenye viwiko. Shaibu si mtu wa maneno, siku nzima anaweza kusema "ya moto hiyo" na "karibu" tu. Alijifuta mikono kwenye shati, akainama kwenye bati lake la kashata, akaitoa moja, akamwelekezea Krina kwa mikono miwili.

— Binti, — alisema. — Hebu angalia hii karatasi.

Krina aliipokea. Aliifungua, kashata ikaanguka chini akaikanyaga bila kujua. Karatasi ilikuwa ndogo kama kiganja, imeloa mafuta ya karanga mpaka unaona upande wa pili, na juu yake kulikuwa na wino wa bluu, maandishi yaliyosimama vizuri, na kila alama yake iko mahali pake, juu, chini, pembeni. Karatasi za namna hiyo wote pale walikuwa wamezishika kila siku kwa miezi minane. Waziri aliwahi hata kusema zina maandishi mazuri kuliko ya daktari wake.

Krina hakusoma. Aliimba. Aliimba kwa pua, chinichini, kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa, na katikati ya maneno hayo likapita neno moja la kwetu, likarudi tena, ngoja, ngoja.

— Ndiyo huu, — alisema. — Huu wa kumtoa bi harusi nyumbani. Alitunga mama yake bibi, walipokuwa wanakaa hapa karibu na reli. Unasema gari moshi la Gerezani linapiga honi, mwambieni dereva dada yangu bado anasuka nywele, ngoja, ngoja, hajamaliza kumuaga mama yake.

Akageuza karatasi. Nyuma kulikuwa na mwanzo wa wimbo mwingine, umekatwa katikati kwa mkasi.

— Huu uliendelea ukurasa wa pili, — alisema, akainua uso, akawatazama mmoja mmoja, Springi, Waziri, Ustadhi, Shaibu na Elibariki, bila hasira yoyote, kama mteja anayeuliza bidhaa. — Zingine ziko wapi?

Shaibu aliliinamisha bati ili aone ndani. Zilibaki kashata nne, na tatu kati yake zilikuwa zimefungwa kwa gazeti.

— Boksi la pili la yule wa mkokoteni liliisha jana, — alisema, na hilo halikuwa jibu.

Waziri alifungua mdomo. Wote walimtazama, kwa mazoea, maana miaka yote ndiye mwenye majibu. Aliufunga. Springi alikikunjua kikaratasi kingine alichokuwa anafutia grisi kwenye ufunguo, akakilaza juu ya ubao, akajaribu kukinyoosha kwa kidole gumba, nacho kilikuwa cheusi chote. Ustadhi alikuwa ameshika kikombe kitupu kwa mikono miwili.

Elibariki hakutaka kutazama mtaroni, lakini macho yalikwenda, na Krina akayafuata. Vidonge vyeupe vilikuwa vimeng'ang'ania pembeni kwenye tope, vingine vinaelea, vingine vimeshazama nusu kwenye oili. Miezi minane ya alasiri za Kijiwe cha Giaboksi. Vya juu tu ndivyo vilivyokuwa bado vinaonekana ni karatasi.

Krina aliweka kijitabu juu ya benchi, picha ya bibi yake ikitazama juu. Alikunja gauni kati ya magoti, akachuchumaa kwenye ukingo wa mtaro, na mkono wenye hina ukaanza kushuka kuyaelekea maji.

— Ngoja, — Elibariki alisema, akiinuka. — Krina, ngoja.

Hakungoja.